Mgonjwa wa Nyumba Angani

Urban Mapunda alifukuzwa seminari kwa sababu ya ukurasa uliochanika.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na zamu yake ya kuwasomea wenzake maisha ya watakatifu huku wao wakitafuna maharage kimya. Alisoma vizuri hadi pale mtakatifu anapofungiwa ndani na simba. Alipofunua, ukurasa uliofuata haukuwepo. Panya aliwahi, au mseminari. Mtu mwingine angefunga kitabu akaketi. Urban aliziangalia zile nyuso, vijiko vimesimama hewani, akaona haiwezekani kumwacha binadamu mwenzake na simba namna ile. Akaendelea kusoma yasiyokuwepo. Mtakatifu akasema na simba kwa upole, akampanda mgongoni, wakavuka Ruvuma wote wawili, wakafungua shamba la mihogo upande wa Msumbiji. Padri gombera, mkuu wa seminari, alikuwepo mezani, na bahati mbaya kitabu kile alikuwa amekisoma.

Akarudishwa kwao Mpitimbi na sanduku lake la bati, pamoja na Kiingereza cha miaka michache ambacho karibu chote kilihusu dhambi na rehema. Baba yake alimpa jembe. Urban alilima mahindi misimu kadhaa bila kuonyesha kipaji, kisha akahamia Songea mjini, Mfaranyaki, akafungua banda la video. Hapo ndipo ule ugonjwa uliomfukuzisha seminari ulipogeuka kuwa kazi.

Banda ni la mabati, na mwezi wa saba baridi ya Songea huingia humo bila kulipa kiingilio. Kuna mabenchi, runinga kubwa, spika mbili, na pembeni kiti cha Urban chenye maikrofoni. Picha huja na lugha za kwao, Kiingereza, Kikorea, Kihindi, na wanaozitazama ni mafundi, madereva wa bodaboda, akina mama wa sokoni na watu waliotoka vijijini kufuata mbolea wakakuta foleni. Urban hupunguza sauti ya picha, kisha husema yeye, papo kwa papo, maneno ya kila mtu: stelingi, adui, mtoto anayelia, hata mbwa ikibidi. Kiingereza anakielewa kiasi. Kichina hakielewi kabisa, na kwa maoni ya wengi picha za Kichina ndizo anazozitafsiri vizuri zaidi.

Hakuna anayeingia katika banda lile akabaki na jina alilozaliwa nalo. Jenerali wa Kimarekani ataitwa Komba, mpelelezi ataitwa Haule, na wote wawili watazungumza kama maaskofu, maana ndicho Kiingereza alichofundishwa mtafsiri wao. Wanajeshi wa Urban husema "amin, nakuambia" kabla ya kufyatua risasi. Watu wameshazoea. Picha isiyopita mdomoni mwake wanaiona haijaiva.

Miaka ile picha zilipokuwa bado zinakuja kwenye CD, ikaingia Nyumba Angani.

Ni picha ya kisayansi. Watu wachache wanaishi ndani ya nyumba ya chuma inayoelea mbali kupita mwezi. Nahodha wao ni mwanamke. Mumewe, ambaye ni fundi, anashikwa na ugonjwa usio na dawa, basi wanamlaza ndani ya friji kubwa la kioo hadi dawa itakapopatikana, maana baridi ya humo humzuia mtu asizeeke wala asife. Nyumba nzima inatunzwa na mashine yenye mikono ya chuma inayoongea. Kwa Kiingereza mashine hiyo ilikuwa na sauti ya kiume, baridi, isiyo na furaha wala huzuni, na Urban aliona huo ni utovu wa adabu. Akaiita Mama Mkubwa, akaipa sauti ya shangazi yake wa Mpitimbi. Mama Mkubwa aliwagombeza wanaanga kwa kuacha chakula. Aliwauliza kama wamekula likolo au siku hizi mboga ni vidonge tu. Alimwita nahodha mwanangu. Na alipofunga milango ya chuma nyuma ya watu, jambo alilolifanya mara nyingi kuliko kawaida, Urban alieleza kwamba anazuia upepo.

Kisha, karibu na mwisho, CD ikakwama. Kilichobaki kwenye kioo kilikuwa mkono wa chuma wa Mama Mkubwa ukiwa umegusa swichi ya friji, na uso wa mgonjwa nyuma ya kioo, macho yamefumba. Urban aliitoa CD, akaifuta kwa shati, akaipulizia, akairudisha. Ikakwama palepale. Banda lilikuwa limejaa na hakuna aliyekohoa. Urban akaisogeza maikrofoni.

"Mama Mkubwa anapima baridi," akasema polepole, "kama mama anavyomshika mtoto paji la uso. Amekuta iko sawa. Anamwambia, lala mwanangu. Huyu ataamka. Pati ya pili ataamka."

Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo huo ndio ukawa mwisho wa Nyumba Angani katika Mfaranyaki yote. Kila mwaka watu waliiomba, na kila mwaka mkono ulikwama juu ya swichi, watu wakanyamaza kama kanisani wakati wa mageuzo, Urban akasema maneno yake, wakarudi nyumbani roho zimetulia. Hakuna aliyejua kwamba ina mwisho mwingine, na wa kwanza kutojua alikuwa Urban mwenyewe.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakukosa hata onyesho moja. Ursula, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Brigita kwa jina la bintiye, ana genge la chai na chapati ng'ambo ya barabara. Mumewe Aidan alikwenda Msumbiji kuchimba vito pamoja na wanaume wengine wa mtaa. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Polikarp, aliyekuwa naye shimo moja, alileta begi lake na maneno machache: shimo liliporomoka, watu walikimbia, Aidan hakuonekana akitoka. Mwili haukupatikana. Ursula alilipokea begi, maneno akayaacha mlangoni.

"Kutoonekana siyo kufa," alimwambia Polikarp, akamkaribisha chai.

Nyumba Angani ilimkuta katika hali hiyo. Siku ya kwanza alitoka bandani akasimama mbele ya Urban aliyekuwa anakunja waya. "Kumbe mtu anaweza kuwa amelala tu," akasema. Urban akajibu kwamba ndiyo, kwa sayansi ya sasa inawezekana kabisa.

Angejua, maneno yale angeyameza pamoja na waya. Maana kwa kunywa chai ng'ambo ya barabara kila asubuhi, haikuchukua muda Urban akampenda Ursula, na akampenda vibaya, penzi la mtu mzima ambaye umri wa kuona haya umeshampita na bado anaona haya. Alipenda anavyogeuza chapati kwa vidole. Alipenda anavyocheka bila kufungua mdomo, kama mtu anayeficha kitu kitamu. Aliacha kuweka sukari kwenye chai ili apate sababu ya kuulizwa kwa nini, na Ursula hakuuliza.

Mara moja alijikaza kisabuni. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, gengeni hakuna mtu mwingine, na la kusema alikuwa ameliandaa tangu juzi yake.

"Mama Brigita," akaanza, "mtu hawezi kukaa peke yake siku zote."

"Ni kweli," Ursula akasema, akimimina chai. "Ndiyo maana namwonea huruma yule nahodha. Kaka Urban, ile pati ya pili bado tu?"

"Bado."

"Hawa Wazungu wanatuchelewesha. Mimi nasema dawa itatoka kwa Mama Mkubwa. Anaijua, ila anasubiri wakati wake."

"Inawezekana," Urban akasema, akanywa chai yake chungu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka, kwa mdomo wake mwenyewe na kwa spika mbili, alimhakikishia mwanamke anayempenda kwamba mume ataamka. Duniani kote alikuwa na mpinzani mmoja tu, na aliyekuwa anamlisha ni yeye.

Mwezi wa saba mwaka huu, Abdulatifu, mtu wa Tunduru anayeleta korosho Songea na filamu mpya kwenye flashi, aliingia bandani, akatoa salamu, akaweka flashi juu ya spika.

"Alhamdulillahi, imepatikana," akasema. "Ile nyumba yenu. Ya pili."

Mwalimu Tumsifu alikuwepo, amekuja kuulizia mechi ya jioni. Huyu ni kijana wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Songea kufundisha fizikia, na hulalamikia baridi ya hapa kama vile kwao hakuna mlima wenye theluji. Bandani huja kwa ajili ya mpira tu. Picha huziangalia kwenye simu, kwa Kiingereza, peke yake, na Urban siku zote amemhurumia kwa hilo.

"Hiyo nimeshaiona," Tumsifu akasema. "Usijisumbue, Mzee Urban. Haifikii ya kwanza."

"Ina nini?"

"Ya kwanza ilikuwa inakutisha taratibu. Hujui ile mashine ni njema au mbaya, unabishana na nafsi yako, hadi dakika ya mwisho inapozima friji na kumuua yule mgonjwa. Pale unabaki umeshika kichwa. Sasa hii ya pili unajua tangu mwanzo kwamba mashine ndiyo adui, basi ni kukimbizana tu kwenye korido. Halafu fizikia yake ovyo. Angani hakuna hewa, mlipuko unasikikaje?"

Urban hakuwa na maoni kuhusu mlipuko. "Inapozima nini?" akauliza.

"Friji. Mkono uko kwenye swichi, inazima. Si umeionyesha miaka yote?"

"Ya kwangu inakwama."

Tumsifu alimwangalia, akaona uso wa mzee umebadilika, akashindwa kujua amekosea wapi.

"Na hii inaanzaje?" Urban akauliza.

"Na mazishi. Wanamweka mume kwenye jeneza, wanalisukumia angani. Halafu kuna rubani mmoja, mpole, haongei, kumbe amempenda nahodha siku nyingi. Mwishoni wanakuwa pamoja. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo walipoharibu kabisa. Mapenzi kwenye picha ya sayansi ya nini?"

Urban alimnunulia soda.

Kesho yake asubuhi alifunga mlango wa banda akaiangalia mwenyewe, na yote yalikuwa kama mwalimu alivyosema. Furaha ilimjia kwanza. Aibu nayo ilikuja, ila ilichelewa kidogo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno ya kwenye picha na haja ya moyo wake vilikuwa kitu kimoja; hakuhitaji kutunga hata nukta. Angetafsiri kama ilivyo, kama mkalimani wa mahakamani. Mume amekufa. Hakuuawa na Urban, aliuawa na Wazungu, tena zamani. Kisha rubani angetokea na upole wake, na Ursula angejionea mwenyewe kwamba hata huko mbali kupita mwezi watu huzika, hulia, halafu huendelea kuishi. Aliirudisha picha hadi kwa rubani mara kadhaa. Alimwona ni kijana mwenye busara.

Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: NYUMBA ANGANI, PATI YA PILI, JUMAMOSI SAA TISA. Akafikiri, akaongeza chini yake: TAFSIRI KAMILI. Hajawahi kuahidi kitu kama hicho, na wapita njia wawili walisimama kuuliza maana yake.

Jumamosi watu walifurika. Walikuja hadi watu wa mtaa wa Bombambili. Swalehe, dereva wa bodaboda ambaye hugombana na picha kama vile inamsikia, alifika mapema akakamata benchi la pili. Mwalimu Tumsifu naye alikuja, udadisi umemvuta. Ursula alifunga genge mchana kweupe, jambo ambalo hata siku ya uchaguzi hakulifanya. Alikuwa amesuka, amevaa kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani.

"Leo anaamka," alimwambia Urban mlangoni, kwa sauti ya chini, kama anayempa taarifa ya mgeni aliyeko njiani. Akaenda kukaa benchi la mbele.

Urban akaketi, akashika maikrofoni, akaruhusu picha ianze.

Wakatokea wanaanga wamevaa nguo nyeusi, wamesimama kando ya jeneza la chuma lenye kidirisha cha kioo. Nahodha akaweka mkono juu yake. Akasema, kwa Kiingereza chepesi kuliko chochote ambacho Urban amewahi kukutana nacho: Kwaheri, mume wangu.

Urban akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akamtupia jicho Ursula. Alikuwa ameinamia mbele, mikono juu ya magoti, na usoni alikuwa na tumaini ambalo mtu mzima hapaswi kuwekewa na mtu mwingine, na aliyemwekea alikuwa Urban. Alijua kwamba akisema atakuwa amesema kweli. Alijua pia kwamba wiki nzima ameingoja kweli hiyo kwa hamu, kama ndugu anayengoja mirathi ya mgonjwa. Hilo ndilo lililomzuia. Alimpenda yule mwanamke, na hakuweza kumpata kwa kumtangazia msiba kwenye spika.

"Huyu," akasema, "ni binamu."

Mabenchi yakanung'unika.

"Binamu wa nani?" Swalehe akauliza.

"Wa mgonjwa. Walifanana sana."

"Mbona ya kwanza hakuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa jikoni."

Kuanzia hapo Urban hakupata pumziko. Nahodha alilia kila baada ya muda mfupi, ikabidi ielezwe kwamba binamu yule alikuwa mtu wa watu. Mama Mkubwa aliwakimbiza wanaanga kwenye korido akiwa ameshika kitu chenye ncha. Urban akasema anawafuata wakale, chakula kinapoa. Aliwafungia wengine chumbani, moshi ukajaa, wakaanguka mmoja baada ya mwingine.

"Amewalaza," Urban akasema. "Wamechoka na safari."

"Yule pale anatoka damu," Swalehe akasema.

"Amechoka sana."

Ikabaki kazi ya rubani. Urban aliona kwamba kama mume yu hai, basi rubani yule mpole ni mtu wa kuvunja ndoa ya watu, na hangekubali aitwe hivyo. Akamfanya kaka wa nahodha, tumbo moja. Hili lilikwenda vizuri kwa muda. Rubani alimletea nahodha kikombe cha kinywaji, ndugu hufanya hivyo. Alimfunika blanketi, sawa. Lakini mwishoni wawili wale wakasimama dirishani, jua la sayari ngeni likawaangukia, wakageukiana, nyuso zikaanza kusogeleana, na Urban akaona amefika mahali ambapo hata yeye hana la kusema. Akainuka, akasimama mbele ya runinga, akatanua mikono, akatangaza kwamba picha imeisha. Chini ya kwapa lake watu wote waliona kwamba haijaisha.

Nje, hukumu ilitoka upesi.

"Ya pili haifikii ya kwanza hata robo," Swalehe akasema, akivaa jaketi. "Mama Mkubwa wamemharibu. Yule mama alikuwa na heshima zake."

"Na mgonjwa mwenyewe hatujamwona," akalalamika mwingine.

"Na yule kaka mtu?"

Hakuna aliyetaka kumzungumzia kaka mtu. Watu wakatawanyika wakiwa na hasira ya kweli, hasira ya waliongojeshwa miaka wakapewa kitu kibovu, na Urban aliyasikia yote akiwa ndani anachomoa nyaya. Miaka yote walikuwa wakimwamini. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Tumsifu alibaki nyuma. "Mzee Urban, ya pili yao ni mbaya," akasema, "lakini hii yako imeizidi kwa ubaya."

"Najua, Mwalimu."

"Ila hapo nje wamenisimulia ya kwanza kama mnavyoionyesha hapa. Mama Mkubwa anazuia upepo. Anampima mgonjwa baridi." Mwalimu akamwokotea waya mmoja. "Hiyo nadhani inaishinda ya kwao."

"Inakwama," Urban akasema.

"Afadhali ilivyokwama."

Ursula alikuwa ameondoka zamani, bila kuaga.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Urban alikuwa anafuta mabenchi mlango ulipofunguka. Ursula alikuwa bado na nguo za kanisani na rozari mkononi.

"Kaka Urban. Iwashe."

"Iwashe nini?"

"Ile ya jana, kuanzia mwanzo. Na hicho kitu," akaonyesha maikrofoni, "kiweke chini. Usiseme neno."

Urban akaiwasha. Wakakaa benchi la mbele, katikati yao wameacha nafasi ya mtu. Bila sauti yake banda lilijaa maneno ya kigeni, na yeye mwenyewe alihisi kama amevuliwa shati. Kwenye kioo nahodha akaweka mkono juu ya jeneza. Picha ikasogea karibu na kile kidirisha, na ndani yake ukaonekana uso, macho yamefumba.

"Ni yeye," Ursula akasema. "Jana nilimwona. Uso ule naukariri tangu lini? Halafu wewe ukasema binamu, nami nikashukuru, nikakaa. Nimefika nyumbani nikajiuliza, mimi na Kaka Urban, anayemdanganya mwenzake ni nani."

Urban hakujibu, maana aliambiwa asiseme.

Wanaanga wakalisukuma jeneza nje. Likaenda polepole, likawa dogo, likawa kama punje ya mtama, kisha halikuwepo. Hapo Ursula akalia. Hakulia kama watu wanavyolia kwenye picha. Kilikuwa kilio cha msibani chenyewe, kile kinachotoka tumboni na kuita majirani, kilio ambacho alipaswa kukitoa siku Polikarp alipoleta begi. Alimwita Aidan kwa jina. Alimwuliza mbona hakuaga. Urban alikaa mikono mapajani, akiuma midomo, na machozi yakamtoka naye, akayafuta kwa kitambaa cha kufutia runinga. Hakumgusa, wala hakumfariji, na haijawahi kutokea kazi iliyomchosha kama ile ya kunyamaza.

"Polikarp aliniletea habari," Ursula akasema alipoweza kusema. "Hana kosa. Mimi ndiye niliyekataa kuipokea. Kesho naenda parokiani, nimwandikishie Aidan misa ya marehemu."

Urban akaitikia kwa kichwa.

Picha ilikuwa inaendelea, kwa kuwa hakuna aliyeizima. Mama Mkubwa alipita na ile ncha yake, kwa sauti yake ya kiume. Kisha akatokea rubani na kikombe. Akakiweka kando ya nahodha aliyekuwa ameinamisha kichwa, akasogea nyuma, akakaa mbali naye, asiseme kitu.

Ursula akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamtazama yule rubani.

"Huyu siyo kaka yake."

Urban kimya.

"Kaka Urban, si nakuuliza? Huyu ni nani?"

"Umeniambia nisiseme."

"Sasa nakuambia sema."

Urban akaitazama picha. Hakuwa na cha kuongeza.

"Ni mtu anayempenda," akasema. "Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Amalize msiba."

Ursula akageukia tena kioo. Kwenye kioo kikombe kilikuwa bado hakijaguswa, na rubani alikuwa bado amekaa palepale.

"Itachukua muda," Ursula akasema.

"Amezoea, Ursula," Urban akasema.